Jina la Mama Ngalula kwenye Ramani ya Tovuti

Kolwezi, Jumapili, baada ya ibada

Yaya Béatrice, dada yangu mupendwa,

Pokea salamu za mudogo wako Marthe, nyingi hata bahasha inakataa kufunga. Mguu wako unaendelea namna gani? Muganga alikukataza kukaa juani na unga wako wa mihogo tangu asubuhi, lakini nakujua, najua uko palepale sokoni. Na Rachel wangu anakusikiliza, au amekuwa na kichwa kigumu kama mama yake? Mubusu kwenye mashavu yote mawili. Mi niko muzima. Macho tu ndiyo yanawasha kwa kuangalia ordinatere, ile kompyuta, na sauti imekauka kwa kucheka. Umesoma vizuri, Yaya. Kwa kucheka, hapa Kolwezi, katika taabu hizi.

Kwenye barua yako uliniambia: "Kolwezi imekufa, funga cherehani yako, rudi tulime." Nakujibu papo hapo ili usisome kwa wasiwasi: sirudi. Likizo ikifika nitakuja Kasaji, lakini nitakuja kumuchukua Rachel asome huku, nikae na mutoto wangu. Sasa weka mguu juu ya kiti, nikueleze. Kwenye simu nimeshindwa, kila nikifika mahali patamu mtandao wa kwenu unakata.

Uliyoyasikia ni ya kweli. Kwanza bei ya kobalti ilianguka. Depo za kununua madini zikafungwa moja baada ya nyingine, wenyewe wakaondoka bila kuaga. Kisha wachimbaji wa mkono wakafukuzwa kwenye mashimo. Tuliwaona wanarudi mjini na koleo begani, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, na tulijua kwamba wake zao hawatashonesha nguo mpya tena. Mwishoni ikafika zamu yetu. Walisema chini ya mtaa wetu kuna madini. Watu wenye kofia ngumu walipita nyumba kwa nyumba wakipaka alama nyekundu kwenye kuta, na kila nyumba yenye alama ilipaswa kuondoka. Atelie yetu ya ushonaji ilipata alama. Nyumba ya Mama Ngalula, mkubwa wetu wa atelie, yeye aliyenifundisha kukata kola, ilipata pia. Aliiangalia ile rangi, akakaa kwenye kizingiti mpaka giza likaingia. Nilidhani ni uchungu wa nyumba tu.

Basi tukatawanyika. Mama Monga, yule mwenye sauti kubwa aliyekuchekesha ulipokuja, alienda na binti yake kwenye barabara ya Nzilo. Wengine walienda nyuma ya reli. Mama Ngalula alipata nyumba ndogo karibu na shule ya Waprotestanti, na mi nikaweka cherehani yangu kwenye veranda yake. Wateja hawakujua tumekwenda wapi. Miaka yote walielekezana kwa mdomo: shuka kwenye château ya maji, geuka kushoto, utasikia vyerehani. Sasa château, ule mnara wa maji, imeanguka, na pale kushoto kuna uzio na mlinzi. Siku moja nilipita nikakuta msichana amesimama mbele ya uzio na kitambaa cheupe kwenye mfuko, anamuuliza mlinzi habari za mafundi. Alitoka Likasi kwa ajili ya gauni la harusi yake. Mlinzi alimwambia, "Mama, hapa hakuna watu, hapa ni mugodi." Nilimchukua mkono nikampeleka kwa Mama Ngalula. Lakini Yaya, yule mmoja nilimuona kwa bahati. Wangapi walirudi na vitambaa vyao?

Unakumbuka nilisoma mambo ya ordinatere kule parokiani, ukasema napoteza muda? Basi nilienda kwa Tata Donat, mwenye cyber, duka la intaneti, karibu na soko, mtu mpole anayekunywa chai hata joto likiwa kali. Nikamwambia nataka kututengenezea site, ile wanayoiita tovuti kwenye redio. Alinionyesha, nikaandika mwenyewe. Kila fundi nilimpa ukurasa wake: picha yake, kazi zake, mahali anapoishi sasa, simu yake. Nilipomaliza niliwaita wote waje kuona. Mama Monga aligusa uso wake kwenye kioo cha ordinatere akasema, "Sasa mi niko ku Ulaya na hapa, mara moja!"

Tulingoja simu. Hakuna aliyepiga. Wiki ikapita, na nyingine, kimya. Nikaingia kwenye ile mashine ya kutafuta ambayo watu wote wanaitumia, nikaandika: mafundi wa nguo Kolwezi. Unajua ilinionyesha nini? Atelie yetu ya zamani! Mtu fulani aliiandika pale zamani, kwenye château ya maji, geuka kushoto. Mashine ilikuwa inawapeleka watu kwenye shimo. Sisi wenyewe, na picha zetu nzuri, hatukuwepo kabisa. Nilitaka kulia.

Tata Donat aliweka kikombe chini. "Marthe, ile mashini ya kutafuta haina macho ya kuona kila kitu," alisema. "Inatembea tu. Inatoka ku ukurasa mumoja, inafuata njia mpaka ku ingine. Kwenye site yako, nani alitengeneza njia ya kuingia?"

"Hakuna."

"Na ukurasa wa Mama Monga unapeleka mutu ku ukurasa ya mwenzake?"

"Hapana."

"Basi itawajua namna gani? Lazima uiandikie. Uiambie: kurasa zangu zote njo hizi, hii niligeuza jana, hii juzi. Ile karatasi banaita sitemap, ramani ya tovuti. Unaiweka ku mulango ya site yako, kiisha unaenda kwa wenye mashini, unaonyesha kama site ni yako, unabapatia anwani ya ile ramani. Na hata mashini zingine za kutafuta, unabapatia vilevile."

"Kiisha batatuonyesha?"

"Kuomba haiko kuamuru. Bataangalia. Lakini kama hauombe, batapita tu."

Yaya, siku ile nilirudi nyumbani kama mtu aliyekunywa! Ni faili moja tu, maandishi matupu bila picha wala rangi. Unaandika anwani ya ukurasa, unaandika tarehe uliyoubadilisha, unafungua kwa alama na kufunga kwa alama, kisha ukurasa unaofuata. Ni sawa na pindo: ukianza lazima umalize, usipomalizia uzi, nguo yote inaachia. Nilianza kwa kalamu nikiwa kwenye veranda, maana umeme ulikuwa umekatika. Bwawa la Nzilo liko hapa karibu, lakini nyaya zinapita juu ya vichwa vyetu kwenda migodini.

Kabla ya kutuma niliona ni vizuri kila mmoja akubali. Wengine waliitika kabla sijamaliza kueleza. Mama Ngalula alikuwa anapiga pasi. Aliendelea kupiga pasi mpaka nilipomaliza.

"Ile karatasi itasema jina yangu?"

"Itasema ukurasa wako, Mama. Na ukurasa unasema jina."

"Na njia ya kufika kwangu?"

"Na njia. Njo kazi yake."

Akasimamisha pasi. "Basi mi utaniacha inje."

Nilidhani hajaelewa, nikaanza tena habari za wateja. Alinikatiza kwa upole tu. Akakaa, na akaniambia kitu ambacho sijawahi kukisikia kwake kwa miaka yote niliyokaa naye.

"Mi nilizaliwa hapa, Marthe. Tata yangu alizaliwa hapa. Nkambo, babu yangu, njo aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mugodi. Kasai mi nilikuwa naisikia tu mu hadisi. Lakini wakati kampuni kubwa ilianza kuanguka, mishahara haikuja tena, njala iko mu kila nyumba, batu bakasema ni sisi batu ba Kasai tunakula nafasi yao. Vijana bakapita mu cité, mu mitaa yetu, na fimbo. Bale vijana habakujua nyumba zetu. Ni majirani balionyesha kidole: hapa, na pale. Kwangu hata kidole habakuhitaji. Bwana yangu aliandika jina yetu, jina ya Kasai, ku mulango na rangi, kwa uzuri, kwa sababu nyumba ilikuwa mupya na alikuwa na furaha."

Aliangalia mikono yake.

"Tulilala ku stesheni mu mvua, tukingoja treni. Mama ya bwana yangu alifia pale, ku quai, pembeni ya reli. Kiisha bakatutupa mu behewa, bakatupeleka 'kwetu', pahali sijaona hata siku moja. Nilirudi Kolwezi kwa sababu kwangu njo hapa. Lakini jina, sijaandika tena ku mulango yoyote. Na sasa uone: kobalti imeanguka, batu banafukuzwa, bamepaka tena alama ku ukuta yangu. Na wewe unataka kupatia dunia yote jina na njia?"

Nilikumbuka kibao cha atelie. Kiliandikwa COUTURE, ushonaji, basi. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Sikubishana naye, Yaya. Nilimwambia kwamba anayeandika ramani ndiye anayechagua kurasa za kuweka. Wake sitauweka. Tena kuna mstari unaoandikwa ndani ya ukurasa wenyewe, unaoziambia mashine: huu msiuhifadhi. Nikauandika mbele yake kwenye simu yangu. Alisoma pole pole, akatikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye pasi.

Nikatuma ramani bila yeye. Na mashine ikaikataa! Tata Donat alicheka mpaka akamwaga chai. Unajua kosa lilikuwa nini? Mama Monga anashona na binti yake, basi kwenye anwani ya ukurasa wake nilikuwa nimeweka ile alama ya "na", &, iliyojipinda kama mtu aliyekaa chini na kukunja miguu. Kwenye vibao vya maduka ni alama nzuri. Ndani ya ramani inaharibu kila kitu kinachofuata. Nikalibadilisha jina la ukurasa, nikaandika upya, nikatuma. Likatokea neno moja la Kifaransa lenye rangi ya kijani: imepokelewa. Nikatuma kwa mashine nyingine pia, na ile atelie ya zamani nikaripoti kwamba imefungwa, watu wasipelekwe tena kwenye uzio.

Tukangoja tena. Kila asubuhi niliingia cyber, naandika maneno yaleyale, naona hakuna kitu, natoka. Halafu asubuhi moja, Yaya, nikaandika na nikaona jina la Mama Monga. La kwanza kabisa! Chini yake wenzake wa nyuma ya reli, chini yao mi mwenyewe, Marthe Kayombo, blauzi na nguo za watoto. Nilipiga kelele, watu wote wa cyber wakasimama. Nilikimbia mpaka barabara ya Nzilo, viatu mkononi. Mama Monga aliposikia alitoka kucheza katikati ya barabara, mwenye pikipiki akasimama akidhani kuna msiba. "Nani alikufa?" akauliza. "Hakuna alikufa!" Mama Monga akajibu. "Nimeonekana!"

Simu ya kwanza ilitoka Likasi, kiongozi wa kwaya anayetaka kanzu za waimbaji wake wote. Kisha mkurugenzi wa shule hapa hapa mjini, alikuwa anatutafuta tangu tulipohamishwa. Kisha mama mfanyabiashara wa Lubumbashi. Mama Monga hakuweza kuyamaliza maagizo yote peke yake, akagawa kazi kwa wote, na vyerehani vikaanza kulia tena, kimoja huku, kingine kule. Mama Ngalula alipata sehemu yake ya kukata. Alifanya kazi vizuri kama kawaida. Alifurahi kwa ajili yetu, hilo nililiona. Lakini alikuwa anafurahi kama mtu aliyekaa karamuni karibu na mlango.

Siku moja tulikuwa sote kwa Mama Monga tunapanga zile kanzu. Simu ikalia, Mama Monga akaiweka kwa sauti kubwa maana mikono ilikuwa na pini. Sauti ya mwanamke: "Mama, mi natafuta mutu. Kulikuwa mama mumoja ku château alishona nguo ya harusi ya dada yangu. Batu banasema tu 'ule mama hana jina'. Ku site yenu simuone. Anaishi wapi? Ao alikufa?"

Mama Monga alimuangalia Mama Ngalula. Mama Ngalula alitikisa kichwa: hapana.

"Anaishi," Mama Monga alisema. "Tutamwambia umemuuliza."

Mama Ngalula alimaliza kola aliyokuwa nayo, akakunja kanzu, akaenda.

Kesho yake asubuhi nilimkuta mbele ya cyber kabla haijafunguliwa. Alikuwa amevaa liputa lake, kile kitenge cha kanisani, na kitambaa cha kichwa kilichopigwa pasi. Aliingia, akakaa karibu yangu, mkoba juu ya magoti.

"Tafuta jina yangu," alisema.

Nikaandika: Ngalula, mshonaji, Kolwezi. Walitoka Ngalula wengine, mmoja ni mwimbaji, mwingine anauza samaki mbali huko. Yeye hapana.

"Tafuta tena. Weka na ya bwana yangu."

Hakuna.

Alisogeza uso karibu na kioo. Nilisema, "Mama, njo vile ulitaka." Akasema, "Njo vile nilitaka, ndiyo." Kisha akacheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha ndani yake. "Bale batu balinifukuza mara moja tu, Marthe. Kufika leo, mi njo nilikuwa namaliza kazi yao."

Akafungua mkoba, akavaa miwani. "Niandike."

Yaya, ungekuwepo! Nilifungua ukurasa wake uliofichwa, akausoma kama mwalimu anayesahihisha. Picha aliikataa, Tata Donat akampiga nyingine pale pale. Nilikuwa nimeandika "Mama Ngalula" tu, akataka jina lote: Ngalula Kabeya. Na juu ya kazi zake, juu ya magauni na suti, alitaka mstari wa kwanza uandikwe: Muzaliwa wa Kolwezi.

"Mama," Tata Donat alisema kwa heshima, "iyo haiko habari ya couture."

"Ni habari yangu," alijibu.

Nikaandika. Nikafuta ule mstari wa kuzikataza mashine. Nikaongeza ukurasa wake kwenye ramani, na tarehe ya siku ile. Kabla sijatuma akanishika mkono. Alitaka kubonyeza yeye. Kidole chake, Yaya, kile kinachotunga uzi kwenye sindano bila kukosa, kilitafuta mahali pa kubonyeza.

"Ni hapa?"

"Ni hapo."

"Na inaenda kwa nani?"

"Kwa wote, Mama."

Akabonyeza.

Sitakudanganya kwamba hofu ilimtoka pale pale. Siku zilizofuata aliniambia niingize cherehani yangu ndani, akafunga mlango kwa ufunguo hata mchana, na gari likipunguza mwendo nje alinyanyua kichwa kutoka kwenye kitambaa. Mara mbili nilimuuliza kama anataka niuondoe, maana kuondoa ni rahisi pia. Mara zote mbili alisema, "Acha." Mi mwenyewe nilianza kuogopa, nikajiuliza kama nimemtia mama wa watu kwenye hatari kwa sababu ya furaha yangu. Asubuhi nilikuwa naangalia ile mashine na sijui tena naomba nini.

Alhamisi hii Mama Ngalula akatokea kwenye mashine. Jina lote, picha mpya, na ule mstari wa kwanza. Nilimuonyesha kwenye simu, akaangalia, akasema tu, "Kitambaa ya kichwa iko vizuri." Tukaendelea kushona. Mchana simu yake ikalia. Namba asiyoijua. Iliita mpaka ikakatika. Ikaita tena. Mi nilikuwa na nguo chini ya sindano, mguu wangu ukasimama juu ya pedali. Mama Monga, aliyekuja kuchukua vifungo, akasimama na vifungo mkononi.

Mama Ngalula akajifuta viganja kwenye liputa, akachukua simu.

"Allo? Ndiyo. Ni mimi mwenyewe, Ngalula." Akasikiliza. "Gauni ya harusi? Ndiyo, nashona. Uko wapi sasa? Ku shule?" Akasikiliza tena, na nikaona mgongo wake unanyooka. "Hapana, mama, usiulize mutu mu njia. Mi nitasimama inje, utaniona."

Akazungusha ufunguo, akafungua mlango wote, akatoka. Tulimuona kupitia dirishani amesimama barabarani, kwenye jua kali, utepe wa kupimia shingoni, mkono mmoja juu ya macho. Kila aliyepita alimsalimu, na alijibu kila mmoja. Yule mteja alichelewa sana. Mama Monga alimpelekea kiti, akakikataa, akasimama mpaka mteja alipofika.

Yaya, karatasi inaisha. Nisalimie kaka yetu Philippe pale kwenye kazi yake ya kutengeneza baiskeli, mwambie mashati yake nimeshayakata. Nisalimie mama-mkwe wako anayeng'ang'ania kupika kwa kuni mbichi, mchungaji wetu wa kapela na mke wake, na shangazi Ruth muuza mbegu ambaye aliniombea siku ya kuondoka. Rachel umwambie aanze kuaga marafiki zake pole pole, asilie siku moja yote. Barua hii inaletwa na dereva wa lori la mahindi, mpe maji ya kunywa, ni mtu mwema.

Nakukumbatia kwa mikono yenye nyuzi,

Mudogo wako anayekupenda,
Marthe